Jinsi ya kutunza pampu ya mkono ya kisima na kuhifadhi vipuri vyake

Pampu ya kisima ikiharibika, mara nyingi wa kwanza kujua ni mama. Yeye ndiye anayefika kisimani alfajiri, na yeye ndiye anayerudi nyumbani na dumu tupu wakati watoto wanasubiri uji. Siku hiyo familia hurudi kwenye mto, bwawa au kisima cha wazi. Zikipita siku chache, watoto huanza kuharisha.

Makala hii ni kwa mama na mlezi anayetumia pampu ya mkono. Inaeleza mambo ya kukagua kila siku, kila mwezi na kila mwaka, dalili za pampu inayoelekea kuharibika, namna ya kuhifadhi vipuri, na jinsi ya kulinda afya ya watoto wakati pampu imesimama. Huhitaji kuwa fundi ili kuyafanya mengi ya mambo haya.

Kwa ufupi

- Pampu nyingi hutoa dalili kabla ya kusimama kabisa. Anayeshika mpini kila siku ndiye anayezitambua mapema.
- Raba na bushi huchakaa kwa kawaida. Zibadilishwe kwa ratiba, zisisubiriwe mpaka zikatike.
- Vipuri viwe vimenunuliwa na kuwekwa mahali pa kivuli, pakavu na penye kufuli kabla havijahitajika.
- Mazingira ya kisima yakiwa machafu, uchafu unaweza kuingia ndani hata kama pampu inafanya kazi vizuri.
- Maji safi ya pampu yanaweza kuchafuka njiani au nyumbani. Dumu safi lenye kifuniko ni sehemu ya kazi hii.

Kwa nini pampu ni suala la afya ya mtoto?

Mtoto mdogo hupoteza maji mwilini haraka kuliko mtu mzima. Akinywa maji yenye vijidudu anaweza kupata kuhara, kipindupindu, homa ya matumbo au minyoo. Kuhara kunakojirudia humfanya mtoto apungue uzito na kudumaa, hata kama anapewa chakula cha kutosha.

Kisima kirefu kilichofunikwa na kufungwa pampu hulinda maji yasiguswe na mikono, ndoo chafu, mifugo na maji ya mvua yanayotiririka juu ya ardhi. Ulinzi huo hudumu muda ambao pampu inafanya kazi. Mtoto hana akiba ya maji salama mwilini. Wiki moja ya maji ya bwawani inatosha kumwangusha.

Tatizo hili si la kijiji kimoja. Mwaka 2009, mtandao wa wataalamu wa maji vijijini unaojulikana kama RWSN ulikadiria kwamba takriban pampu moja kati ya tatu katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara haikuwa ikifanya kazi. Pampu haisimami kila mara kwa sababu ya jambo kubwa. Wakati mwingine hukosa tu raba ya bei ndogo, bolti, au mtu wa kuitwa kwa wakati.

Ijue pampu yako

Muulize fundi au kamati ya maji jina la pampu yenu. Vipuri vya aina moja mara nyingi haviingii kwenye aina nyingine. Aina zinazoonekana sana Afrika Mashariki ni hizi:

- Afridev. Mpini wake ni mrefu na husukumwa juu na chini. Hutumika kwenye visima vya hadi mita 45 hivi. Ilibuniwa miaka ya 1980 ili wanakijiji wenyewe waweze kuitengeneza, na sehemu ya majaribio yake ilifanyika Kwale, pwani ya kusini ya Kenya, ambako wanawake walifundishwa kuitunza. Raba na valvu zake huvutwa juu kupitia ndani ya bomba, bila kung'oa bomba lenyewe.
- India Mark II. Kichwa chake ni cha chuma na ndani yake kuna mnyororo unaohitaji grisi. Mabomba yake kwa kawaida ni ya chuma na mazito, hivyo kuifungua kunahitaji mafundi wenye zana maalumu.
- Nira. Haina mpini wa kuegemea. Unasukuma na kuvuta moja kwa moja juu na chini kwa mikono miwili. Ni ya visima vifupi, visivyozidi mita 15 hivi. Imetumika sana mikoa ya kusini mwa Tanzania.

Aina zote zina sehemu mbili unazopaswa kuzielewa. Ya kwanza ni raba ya pistoni, inayobeba maji kwenda juu kila unaposukuma mpini. Ikichakaa, maji huponyoka na kurudi chini, nawe unasukuma sana kwa maji kidogo. Ya pili ni valvu ya chini, inayozuia maji yaliyo ndani ya bomba yasirudi kisimani. Ikivuja, bomba hubaki tupu kila pampu inapopumzika.

Mambo ya kufanya kila siku

1. Fagia sakafu ya zege kuzunguka pampu na ondoa matope, majani na kinyesi cha wanyama.
2. Zibua mfereji wa maji yanayomwagika. Maji yaliyotuama huzalisha mbu na hupenya kurudi kisimani kupitia nyufa.
3. Osha mdomo wa pampu. Wazuie watoto wasiweke midomo au vidole pale maji yanapotokea.
4. Sukuma mpini kwa mwendo mrefu na wa taratibu, kutoka juu kabisa hadi chini. Misukumo mifupi ya haraka huchosha mikono na kumaliza bushi upande mmoja.
5. Usiupige mpini kwenye vizuizi vyake wala kuuachia ujigonge.
6. Sikiliza. Mlio wa chuma kusaga chuma, au mgongano ambao haukuwapo jana, uripotiwe siku hiyohiyo.

Kufua nguo, kuosha vyombo na kunywesha mifugo kufanyike mbali na sakafu ya pampu, upande ambao maji hutiririkia mbali na kisima. Uzio wa miti au wa mimea yenye miiba unatosha kuzuia mbuzi na ng'ombe.

Mambo ya kufanya kila wiki

- Kaza nati na bolti zote zinazoonekana kwa spana. Bolti iliyolegea hula tundu lake hadi likapanuka, na hapo kukaza hakusaidii tena.
- Shika mpini na uuyumbishe kushoto na kulia. Ukicheza sana, bushi zimekwisha.
- Tikisa kidogo mwili wa pampu. Ukitikisika kwenye zege, mwite fundi kabla ufa haujapanuka.
- Angalia nyufa kwenye sakafu. Ufa mdogo unazibwa kwa saruji na mchanga safi kwa nusu siku. Ukiachwa hadi masika, unakuwa njia ya maji machafu.
- Kama pampu yenu ina mnyororo, fundi au mtunza pampu aukague na kuupaka grisi kwa ratiba mliyopewa.

Vipimo viwili vya kila mwezi

Vipimo hivi havihitaji kufungua kitu chochote. Unahitaji ndoo yenye alama za lita, saa au simu, na daftari.

Kipimo cha kwanza: je, pampu inavuja?

Sukuma hadi maji yatoke vizuri, kisha acha pampu ipumzike dakika 30 bila mtu kuigusa. Anza tena na uhesabu. Maji yakitoka ndani ya misukumo mitano, hali ni nzuri. Yakihitaji zaidi ya mitano, valvu ya chini inavuja au bomba lina tundu.

Kipimo cha pili: je, pampu inatoa maji ya kutosha?

Sukuma hadi maji yatoke mfululizo. Weka ndoo, kisha sukuma mara 40 kamili kwa dakika moja. Ukipata chini ya lita 10, raba ya pistoni huenda imechakaa.

Andika tarehe na majibu yako kwenye daftari. Kiasi hutofautiana kulingana na aina ya pampu na kina cha kisima, kwa hiyo kilinganishe na kile pampu yenu ilichotoa ilipokuwa imetoka kutengenezwa. Ikiwa mwezi wa kwanza ilitoa lita 16, baadaye 14, na sasa 11, huna haja ya kusubiri ifike sifuri.

Huduma ya kila mwaka

Mara moja kwa mwaka pampu ifunguliwe hata kama inafanya kazi. Wakati mzuri ni kabla kiangazi hakijashika, kwa sababu kiangazi ndipo pampu hutumika zaidi na vyanzo vingine hukauka. Kwa Afridev, raba ya pistoni, raba za valvu na bushi hubadilishwa kwa pamoja. Fito, yaani vyuma virefu vinavyounganisha mpini na pistoni, hukaguliwa moja baada ya nyingine. Ufito uliopinda, ulioliwa na kutu au uliochakaa kwenye ndoano ubadilishwe. Ukikatikia chini, kuuopoa huchukua muda na fedha nyingi zaidi.

Siku ya huduma, mama na walezi waliopo wahakikishe mambo manne:

- Fundi na wasaidizi wananawa mikono kwa sabuni kabla ya kushika vifaa vinavyoingia kisimani.
- Fito na mabomba yanalazwa juu ya turubai safi au miti iliyoinuliwa. Yasilazwe kwenye udongo.
- Kisima kinafunikwa kila kazi inaposimama, ili mtoto, mnyama au jiwe visitumbukie.
- Baada ya kufunga, kisima kinatiwa klorini na fundi anayejua kiasi chake, kisha maji yanasukumwa na kumwagwa hadi harufu kali iishe. Fundi ndiye aseme lini maji yanywewe. Dawa ya kufulia yenye manukato au rangi isitumike kamwe.

Dalili na maana yake

Mpini ni mwepesi sana na maji hayatoki. Ufito umekatika au umechomoka, au raba imekwisha kabisa. Acheni kusukuma na mwiteni fundi.

Mpini ni mzito kuliko kawaida. Kuna kitu kinasugua ndani, raba imevimba, au mchanga umeingia. Msiulazimishe kwa watu wawili, kwa sababu ufito unaweza kukatika.

Maji huchelewa asubuhi lakini baadaye hutoka vizuri. Valvu ya chini inavuja. Pampu inaweza kwenda hivyo kwa wiki kadhaa, na ndiyo maana dalili hii hupuuzwa.

Maji hutoka vizuri, kisha hukatikakatika na kutoa hewa, na baada ya kupumzika hurudi. Huenda maji yameshuka kisimani kwa sababu ya kiangazi au watumiaji ni wengi. Kubadilisha raba hakutasaidia. Pangeni zamu, na mjulisheni fundi.

Maji ni meupe kama maziwa, lakini kwenye glasi hung'aa kuanzia chini kwenda juu. Hayo ni mapovu ya hewa na hayana madhara.

Maji ni mekundu au ya kahawia, hasa asubuhi. Mara nyingi ni kutu ya mabomba ya chuma au madini ya chuma ardhini. Huharibu ladha na kuchafua nguo. Ombeni maji yapimwe.

Maji huwa na tope baada ya mvua. Hii ni dalili ya hatari. Maji ya juu ya ardhi yanaingia kisimani. Tibuni maji yote ya kunywa na tafuteni ufa au tundu mara moja.

Maji huacha madoa ya kahawia kwenye meno ya watoto. Huenda yana madini mengi ya floraidi, jambo linalojulikana katika maeneo kama Arusha, Kilimanjaro na Singida. Kuchemsha hakuondoi floraidi. Toeni taarifa ofisi ya maji ili maji yapimwe.

Kuhifadhi vipuri na zana

Raba inayokatika Jumatatu ikiwa dukani wilayani, watoto wanaweza kunywa maji ya mto hadi Ijumaa. Raba hiyo ikiwa kwenye sanduku la kamati, pampu inaweza kurudi mchana uleule. Sanduku la kijiji liwe na seti moja kamili ya raba, seti moja ya bushi, nati na bolti za akiba, na spana ya pampu. Kama fedha zinaruhusu, ongezeni ufito mmoja na kiungio cha bomba.

- Raba zikae kwenye mfuko au kopo lenye kifuniko, mbali na jua, moto, mafuta ya taa na grisi ya gari. Joto huzikausha na mafuta huzivimbisha. Zisikunjwe wala kuning'inizwa kwenye msumari.
- Mabomba ya plastiki yalazwe kivulini, yakishikiliwa sehemu kadhaa ili yasipinde. Jua huyafanya yawe mepesi kuvunjika. Ncha zake zifungwe kwa nailoni ili panya na wadudu wasiingie.
- Fito na nati zikaushwe na kuwekwa juu ya mbao, mbali na sakafu yenye unyevu.
- Gundi ya mabomba ifungwe vizuri na iwekwe mbali na moto. Mvuke wake una madhara, na watoto wasiifikie.
- Klorini iwekwe peke yake, mahali pakavu, penye hewa na penye kufuli, kwenye chombo chenye jina lake. Usiihamishie kwenye chupa ya soda. Watoto wamewahi kudhani ni kinywaji.

Funguo za sanduku zishikwe na watu wawili wanaoishi karibu na kisima, na mmoja wao awe mwanamke anayechota hapo. Bandikeni ndani ya kifuniko orodha ya vilivyomo. Kitu kikitolewa, kiandikwe na kinunuliwe kingine kabla ya mwezi kwisha.

Pampu isipotumika kwa muda

Wakati wa masika familia nyingi hukinga maji ya mvua, na pampu za shule husimama wakati wa likizo. Pampu iliyoachwa bila kazi hukauka raba, hushika kutu, na maji yaliyo ndani ya bomba huchacha.

Mtu mmoja apewe kazi ya kuisukuma walau mara moja kwa wiki hadi maji mapya yatoke. Mpini ufungwe kwa kufuli kama watoto huuchezea. Matumizi yakianza tena, mwageni maji ya kwanza hadi yawe angavu na yasiyo na harufu. Kama pampu imekaa miezi bila kuguswa, tibuni maji ya kunywa mpaka fundi atakapokisafisha kisima kwa klorini.

Baada ya mafuriko ni tofauti. Maji ya mafuriko yakifunika sakafu ya pampu, msinywe maji yake hata kama ni angavu. Kisima kisukumwe, kitiwe klorini na maji yapimwe kwanza.

Usalama wa watoto na wajawazito

Mpini wa chuma unaoachiwa ghafla unaweza kuvunja meno, taya au mkono wa mtoto. Watoto wasibembee kwenye mpini, na wasisimame mbele yake mtu anaposukuma. Vidole visiingizwe kwenye matundu ya kichwa cha pampu. Nati zinazokosekana hapo zirudishwe haraka.

Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20 na zaidi. Mjamzito, na mama aliyejifungua karibuni, asisukume kwa muda mrefu wala kubeba ndoo kama hiyo. Baba, vijana na majirani wapange zamu ya kumchotea. Mtoto naye apewe dumu dogo linalolingana na umri wake.

Pampu ikiharibika leo: maji ya kunywa yatoke wapi?

Kwanza, toa taarifa siku hiyohiyo kwa mtunza pampu au kamati, na uulize lini fundi anakuja. Kasi ya kutengeneza inaweza kubadilika sana. Katika majaribio ya Kyuso, kaunti ya Kitui, Kenya, yaliyofanywa mwaka 2013 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, vifaa vya kutuma taarifa kwa mtandao wa simu viliwekwa kwenye mipini, na fundi alitumwa mara pampu iliposimama. Muda wa pampu kukaa bila kutengenezwa ulishuka kutoka takriban siku 27 hadi chini ya siku 3. Kijiji kisicho na vifaa hivyo kinaweza kuanza na namba moja ya simu ya fundi, iliyoandikwa kwa rangi kwenye ukuta wa kisima.

Pili, chagua chanzo kilicho bora kuliko vingine: pampu ya kijiji jirani, maji ya mvua ya paa la bati, au chemchemi iliyojengewa. Mto na bwawa viwe vya mwisho.

Tatu, tibu maji ya kunywa. Yakiwa na tope, yaache yatulie na uyachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa, kisha fanya mojawapo ya haya:

- Chemsha hadi yatokote kwa nguvu, uyaache yatokote walau dakika moja, kisha yapoe yakiwa yamefunikwa.
- Tia dawa ya klorini ya maji ya kunywa, kama WaterGuard, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye chupa au pakiti. Subiri dakika 30 kabla ya kunywa.
- Kama huna kuni wala dawa, jaza maji angavu kwenye chupa safi za plastiki zisizo na rangi na uzilaze juani saa 6. Kukiwa na mawingu, ziache siku mbili.

Kutoka pampu hadi kikombe

Pampu nzima haitoshi kama dumu ni chafu. Osha dumu kwa sabuni na maji, ukitia kokoto safi na kulitikisa ili utando wa kijani utoke, kisha suuza. Dumu lililowahi kuwa na mafuta ya taa au dawa ya shambani lisitumike kwa maji ya kunywa, hata likioshwa mara ngapi.

Nyumbani, maji ya kunywa yawe na chombo chake chenye kifuniko, kilichoinuliwa kutoka chini. Chombo chenye koki ni bora. Kama unatumia mtungi au ndoo, chota kwa kata yenye mpini mrefu iliyotundikwa mahali safi. Kikombe cha kunywea kisitumbukizwe. Osha chombo kabla ya kukijaza tena, usiongeze maji mapya juu ya ya zamani.

Mtoto chini ya miezi sita hahitaji maji. Maziwa ya mama yanamtosha hata wakati wa joto kali. Wiki ambayo pampu imeharibika, kunyonya pekee humlinda zaidi.

Mtoto akiharisha

Mpe ORS iliyochanganywa kwa maji safi, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye pakiti, na imwage ikipita saa 24. Endelea kumnyonyesha na kumlisha. Vidonge vya zinki hutolewa siku 10 hadi 14: miligramu 10 kwa siku kwa mtoto chini ya miezi sita, na miligramu 20 kwa mkubwa zaidi. Mhudumu wa afya atakuelekeza.

Mpeleke kituo cha afya mara moja ukiona damu kwenye kinyesi, macho au utosi kubonyea, kutapika kila kitu, kushindwa kunywa au kunyonya, kulegea, kutokojoa, degedege, au kuhara maji mengi meupe kama maji ya mchele. Njiani endelea kumpa ORS.

Nani alipe, na nani asimamie?

Michango midogo ya kila mwezi ni rahisi kuliko harambee siku pampu imekufa, kwa kuwa siku hiyo kila mtu ana shida yake. Kiasi kipangwe kwenye mkutano, kaya zisizo na uwezo zisamehewe, na mapato na matumizi yasomwe hadharani.

Tanzania, maji vijijini yako chini ya RUWASA, iliyoanza mwaka 2019, na jamii husimamia kupitia vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii. Sera ya Maji ya mwaka 2002 iliweka lengo la kituo cha maji ndani ya mita 400, kwa watu wasiozidi 250. Pampu yenu ikihudumia watu wengi zaidi ya hao, itachakaa haraka, na mna haki ya kuuliza kuhusu kituo kingine. Kenya, anzeni na kamati ya kisima, kisha idara ya maji ya kaunti.

Mama agombee nafasi kwenye kamati, hasa ya mweka hazina au mtunza pampu. Mwenye kuchota kila siku hasahau kwamba mpini umeanza kulia.

Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Je, naweza kupaka mafuta ya kupikia kwenye bushi?
Hapana. Bushi za plastiki za Afridev hazihitaji mafuta wala grisi. Mafuta hukusanya mchanga, na mchanga huzimaliza bushi.

Raba imekwisha na dukani hakuna. Tukate raba ya tairi?
Inaweza kusukuma maji kwa muda mfupi, lakini huchakaa haraka, na vipande vyake vinaweza kuzuia valvu. Agizeni raba halisi, na wekeni ya akiba.

Choo kiwe umbali gani na kisima?
Mita 30 au zaidi, na kiwe upande wa chini wa mteremko.

Maji ya pampu ni angavu. Bado niyatibu?
Uangavu hauonyeshi kama kuna vijidudu. Kama kuna ufa, tope baada ya mvua, choo karibu, au mlipuko wa kuhara mtaani, tibu maji ya kunywa.

Kumbuka

Kesho ukienda kisimani, fanya jambo moja: hesabu misukumo kabla maji hayajatoka. Ikizidi mitano, mwambie mtunza pampu kabla hujaondoka, na umuulize kama raba ya akiba ipo sandukuni.